Safari za Papa Ndani ya Stout

14 Septemba, Alhamisi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na Papa akaenda Kamituga.

Alienda kama anavyokwenda kila alasiri, akiwa amekaa ndani ya Toyota Stout yake iliyokufa, hapa hapa lupangoni, uani kwetu mtaa wa Nguba, chini ya mabati kando ya jikoni. Gari hilo halijasogea tangu nilipokuwa mwanafunzi. Kutu imekula sakafu mpaka unaona udongo, na kuku hutagia nyuma walipokuwa wakikaa abiria na magunia. Lakini Papa huingia, hubamiza mlango mara mbili kwa sababu mara ya kwanza haukubali, hushika volani, usukani wake, na mkono wake wa kulia hupanda kwenye levie ya vitesi, ile ya gia, ambayo kwenye magari ya zamani ilitokea pale pale kwenye shingo ya volani. Anabadilisha, anapunguza, anapita Mugogo, anapita Burhale, anawasalimia watu wa Mwenga, vituo vya njia yake ya zamani. Mama hukaa kando yake na chupa ya chai.

Nje ya gari Papa hamjui mtu. Ugonjwa wa kusahau ulianza na funguo, ukaja kwenye njia, ukafika kwetu sisi. Mama, mke wake wa miaka yote, anamwita "Madame". Mimi ananiita "Masere", akidhani ni mtawa wa hospitali. Akishabamiza ule mlango, basi, Mama anakuwa mke wake tena. "Maman Virginie," anamwambia, "shika mulango, kuko mashimo mbele."

Virginie ni mimi. Jina langu analitaja alasiri nzima, lakini haniiti mimi. Anamwita Mama kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama wanaume wa kwetu wanavyowaita wake zao. Leo nilisimama dirishani mwa gari na mwavuli nikasema, "Papa, ni miye Virginie." Alinitazama kwa adabu sana.

"Virginie iko analala nyumbani," akasema. "Iko mutoto mudogo. Sogea, Masere, gari inaenda."

Nilicheka, Mama akacheka. Kisha nikaingia jikoni nikalia, sina sababu ya kuficha kwenye daftari langu mwenyewe.

Nimeamua kulitengeneza gari hili. Kazini kwetu mimi ndiye ninayesimamia magari ya shirika, na nimewahi kuyafufua mabaya kuliko hili. Kama ndani ya gari bovu anamjua Mama, ndani ya gari linalotembea atanijua na mimi. Nataka anijue mara moja, nikiwa mtu mzima, kabla hajatuacha. Sitaki kitu kingine.

17 Septemba, Jumapili

Niliwaambia baada ya misa, tukiwa mezani. Emile, mume wangu, anayefundisha historia chuoni na ambaye hajawahi kufungua kapo, boneti ya gari, maishani mwake, aliuliza tu, "Na kuku zitatagia wapi?" Akaendelea na sambaza zake, dagaa wa ziwani.

Mama aliiacha bugali yake ikapoa sahanini.

"Iko bien vile iko," akasema.

"Maman, iko inaoza. Mwaka kesho sakafu itaanguka naye."

"Aanguke. Atafika wapi? Chini ni udongo."

Ndipo nikatoa habari ya Nyangezi. Ndiko kwao Mama. Hajafika huko tangu mazishi ya dada yake, na zamani Papa ndiye aliyekuwa akimpeleka kila Noeli kwa gari hili hili. Nikamwambia Noeli hii Papa atampeleka tena, na mimi nitakuwa nao. Nikamkumbusha kwamba daktari alisema vitu vya zamani vinamwamsha mgonjwa. Nilisema vizuri, kama ninavyosema mbele ya wafadhili.

Mama alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua.

"Kama unasema," akasema.

Nimelichukua hilo kuwa ndiyo.

23 Septemba, Jumamosi

Fundi amekuja. Anaitwa Chrispin, ana gereji yake mtaa wa Essence, na kwa kuwa gari haliwezi kwenda kwake amekubali kuja kwetu kila Jumamosi na siku nyingine akipata nafasi. Alilizunguka, akalala chini kwenye matope, akatoka akitabasamu kama aliyeona bibi harusi.

"Maman Chef, hii tutaitengeneza mpaka batu bataomba kupiga nayo foto."

Tabu ilikuwa kumtoa Papa. Alikuwa njiani, hataki kusimama. Nilimwomba, nikamvuta mkono, akanisukuma. Mama akainama karibu na sikio lake. "Papa Virginie, tumefika barrière. Basoda banasema bote bashuke." Papa, aliyezoea vizuizi vya wanajeshi barabarani, alishuka mara moja, akipapasa mfuko wa shati kutafuta karatasi za gari. Mama akampeleka mpaka barazani akimwambia asiogope, karatasi ziko sawa.

Nikawaza, Mama amekuwa hodari wa kumdanganya.

30 Septemba, Jumamosi

Mvua mchana kutwa. Milango imetolewa. Kapo pia. Injini imeshikana, haizunguki hata kidogo.

7 Oktoba, Jumamosi

Papa hukaa barazani akitazama gari lake likipungua. "Masere, bale batu banaiba gari yangu," ananiambia. Namwambia liko gereji. "Gereji gani haina mulango?" Na ni kweli, lakini nilicheka.

Mama ameweka kiti chake kando ya kiti cha Papa, na chai kama kawaida. Papa akamgeukia. "Madame, unangojea nani?"

"Nangojea bwana yangu," Mama akasema.

"Atakuya. Mvua njo inamukamata njiani."

Nilimwambia Mama avumilie, ni muda tu. Alimmiminia Papa chai nyingine. Nadhani ananuna.

12 Oktoba, Alhamisi

Chrispin alinipigia simu nikiwa mkutanoni. Tulikuwa tunajadili ripoti ya robo mwaka, mkurugenzi amekasirika, nami nimetoka nje kwenye korido, kidole kimoja sikioni kwa sababu ya mvua kwenye mabati.

Injini ya Stout imekufa kabisa. Amepata ya Hilux, nzuri, pamoja na boksi yake ya vitesi. Ila levie ya boksi hiyo inatoka chini sakafuni, katikati, kama magari yote ya sasa. Ile ya kwenye volani itatolewa.

"Hakuna namna ya kuiacha?" nikauliza.

"Iko namna. Kuko mutu kule Uvira, banasema iko na Stout ya kufa, boksi yake iko muzima. Lakini kwenda, kuangalia, kuleta na hii barabara, tutapita Noël."

Mkurugenzi alichungulia mlangoni kunitafuta.

"Weka ile ya Hilux," nikasema. "Toa ya zamani."

"Sawa, Maman Chef. Tena itakuwa kisasa."

Nikarudi mkutanoni. Ripoti imepita.

20 Oktoba, Ijumaa

Ukuta wa jirani umeporomoka kwa mvua, umeangukia migomba yetu. Hakuna aliyeumia.

29 Oktoba, Jumapili

Leo nimefurahi, acha niandike. Tumechagua rangi. Stout ilikuwa ya kijani, zamani, kabla haijawa rangi ya kutu na mavi ya kuku. Chrispin alileta vibati vyenye rangi za kuchagua, tukavipanga kwenye ngazi, mimi, yeye na hata Emile aliyejifanya anapita tu. Nimechukua buluu, ile ya ziwa asubuhi mvua ikishaosha hewa, na mstari mweupe ubavuni. Rimu za kung'aa. Volani ndogo iliyovikwa ngozi. Viti viwili vya mbele, kila mtu na chake, kama gari la patron, la tajiri. Nyuma, mabenchi ya mbao na turubai jipya, na kile kidirisha kati ya kabini na nyuma kitabaki wazi ili hewa ipite.

Nilikuwa sijui kwamba naweza kupenda kitu cha chuma hivi. Jioni nagusa bodi pale Chrispin alipokwaruza mastiki ya kuziba mashimo, laini kama shavu, natamani Papa angekuwa mzima aone kazi hii.

Mama nilimwita achague naye. Alitazama vibati vyote. "Ile ya kwanza iko wapi?" akauliza, akimaanisha kijani. Sikuwa nayo. Akarudi kwa Papa.

Naandika kitu kibaya: nadhani Mama ana wivu. Miezi hii yote alikuwa na Papa peke yake mule ndani, yeye ndiye pekee aliyejulikana, na hataki tuingie wengine.

9 Novemba, Alhamisi

Mvua. Umeme hakuna. Rangi haikauki.

18 Novemba, Jumamosi

Viti vimefungwa. Kiti cha zamani, kile kirefu kimoja, kilitolewa kikawekwa kwenye nyasi. Springi zimetoboa ngozi, panya walizaa ndani. Upande wa dereva kumebonyea, na pale kando ya dereva, karibu sana naye, kumebonyea tena. Mtu angeweza kusema waliokaa pale walikuwa wawili kwenye nafasi ya mmoja.

Mama alikuja akakikalia, pale kwenye nyasi, mvua ndogo ikimnyeshea kichwani.

"Na hii?"

"Imeoza, Maman. Chrispin ataibeba."

Akaenda kutazama ndani. Nikamwonyesha kiti chake kipya, namna kinavyolala na kusimama. Akanyoosha mkono akagusa levie mpya, iliyosimama kati ya viti viwili.

"Na hii itakuwa pa katikati yetu?"

"Njo vitesse, Maman."

"Ah," akasema.

Jioni Chrispin alikibeba kiti kile pamoja na vyuma vya zamani kwenye kigari cha kusukuma. Lupango ikaonekana safi.

2 Desemba, Jumamosi

Papa hali vizuri. Anakula vijiko vichache, anasimama, anauliza nani atamrudisha kwake. Hana safari tena. Siku za kwanza pale barazani mkono wake ulikuwa ukipanda hewani, ukibadilisha vitesi vyake, na Mama alikuwa akimwambia "shimo, Papa Virginie, pole pole". Sasa mkono umetulia magotini. Sijui ulitulia lini, sikuwa nikiangalia, nilikuwa chini ya gari na Chrispin.

Emile aliniuliza tukiwa tunavua viatu mlangoni, "Virginie, tangu Septemba umeshasikia mama yako akicheka?"

Nikamwambia kama hana kazi ya kusaidia, asinipe na kazi ya kufikiri. Alikwenda kusahihisha mitihani yake. Nimejuta kumjibu vile, lakini swali lake sijalijibu.

9 Desemba, Jumamosi

Limewaka.

Magari ya kampeni yalikuwa yakipita barabarani na vipaza sauti vyao, kila mgombea anaahidi barabara, na katikati ya kelele hiyo Chrispin akageuza ufunguo na Stout ikaunguruma. Moshi ukajaa mpaka jikoni. Kuku wakakimbia. Nami nikatazama barazani, na nimeona kwa macho yangu, Papa ameinua kichwa. Aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa.

Mama aliona pia. Alinishika mkono, mkono wake ulikuwa baridi. "Amesikia," akasema. Hapo nikajua kwamba Mama naye alikuwa anangojea, kwamba "kama unasema" yake ilikuwa ni tumaini alilokopa kwangu. Nimemwonea kusema ana wivu.

Wiki mbili tu zimebaki.

23 Desemba, Jumamosi

Mvua ilikoma asubuhi, jua likatoka, kila kitu kikang'aa. Chrispin aliosha gari mpaka ukaweza kujitazama ubavuni. Majirani walikuja getini na watoto wao. Mama alivaa kikwembe kipya, kitenge cha Noeli, na viatu vyake vya kufunga. Papa tulimvalisha koti na ile kofia yake ya udereva. Mama alimshika mkono wakashuka ngazi za baraza taratibu. Walipendeza, na nilijivuna. Naandika hivyo kwa sababu ndiyo hali niliyokuwa nayo: nilijivuna.

Papa aligusa mlango, kidole kikateleza kwenye rangi.

"Hii iko gari ya nani?"

"Yako, Papa."

"Patron iko wapi?"

"Weye njo patron, Muzee," Chrispin akasema, amenyanyua simu anapiga picha.

Papa akacheka kidogo, kicheko cha mgeni asiyetaka kukataa. Akaingia. Mama akazunguka akaingia upande wake. Mimi nikasimama dirishani, pale pale niliposimama na mwavuli Septemba. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu. Nilitaka kusema, Papa, ni Virginie, nimekua.

Alivuta mlango. Ukafungika mara moja, kwa sauti ndogo laini. Akaufungua tena akautazama, akaufunga. Akashika volani, akaipima kwa viganja, ndogo mno. Akatazama mbele. Na ndipo mkono wake wa kulia ukapanda, kama ulivyopanda miaka arobaini, ukaenda kwenye shingo ya volani kuchukua levie.

Vidole vilifumba hewa.

Akarudisha mkono kwenye volani, akaanza upya, taratibu zaidi, akifikiri kosa ni lake. Vidole vikafumba hewa. Akajaribu tena. Watoto getini walianza kucheka, mama zao wakawanyamazisha. Papa alikuwa akiutazama mkono wake mwenyewe, ameugeuza kiganja juu, kama anauliza umekwenda wapi.

Nami nikaharakisha, kama kawaida yangu. "Iko chini, Papa, iko pa katikati, ona." Nikaingiza mkono dirishani, nikaukamata mkono wake, nikaushusha kwenye levie mpya. Ile levie iko karibu na goti la Mama. Papa aliruka kama aliyeungua.

"Pardon, Madame," akamwambia mama yangu. "Pardon sana. Sikuone."

Mama alisema jina lake, alisema Papa Virginie, ni miye, ni miye. Hakumsikia. Alikuwa ameona haya, uso wote, mzee wa watu, akidhani amemgusa mke wa mtu. Alifungua mlango.

"Mutanisamehe," akatuambia sote, akavua kofia. "Miye niko chauffeur ya Stout. Hii siijue. Mutafute mutu mwengine."

Akashuka, akafunga mlango kwa upole ili asiharibu mali ya watu, akapanda ngazi peke yake. Chrispin aliteremsha simu. Majirani waliondoka mmoja mmoja bila kuaga, na huo ulikuwa wema wao.

Mama hakushuka. Alibaki kwenye kiti chake kipya, mikono magotini, anatazama kioo cha mbele. Nilimfungulia mlango nikasema, Maman, shuka. Akasema, "Ngoja kidogo." Nilingoja nimeshika mlango mpaka mawingu yakarudi.

Mimi ndiye niliyefanya hivi. Chrispin aliniambia kuna nyingine Uvira. Nilichagua tarehe ya Noeli.

24 Desemba, Jumapili

Tulikwenda misa kwa miguu.

27 Desemba, Jumatano

Nimemtafuta Chrispin tangu asubuhi, anirudishie levie ya zamani. Vyuma vya zamani aliviuza vyote pamoja, volani na shingo yake na levie, kwa watu wanaonunua chakavu, na wao wameshavipeleka vinakoyeyushwa. Hakuelewa kwanza ninachotaka. Alipoelewa alikaa kwenye tairi akasema, "Ungeniambia anaishikaka vile, Maman Chef." Kweli, sikumwambia. Ningesema nini? Kila siku nilimwona Papa akiishika, nikadhani ni mchezo wa mgonjwa.

Tulimpigia yule mtu wa Uvira. Stout yake ameikata vipande Novemba.

6 Januari, Jumamosi

Nilizunguka Kadutu kwenye mafundi wote wa chakavu, matope mpaka magotini, nikapata levie ya gari jingine la zamani, inayofanana. Chrispin ameifunga kwenye shingo ya volani bila kudai kitu. Haiendi popote, imesimama tu, haijaungwa na chochote.

Tulimleta Papa bila watu. Mkono ukapanda, ukaipata. Akaivuta chini, ikaenda ovyo, ikaning'inia. Akairudisha juu.

"Haishike kitu," akasema. Si kwa hasira. Kama fundi anayekuambia ukweli wa gari lako. Akashuka.

Ile ya zamani ilishika. Hata gari likiwa limekufa, chini kulikuwa na boksi yake, kila kitesi kilikuwa na mahali pake, na mkono wake ulipajua. Kumbe si mchezo. Mimi ninayesaini magari kila siku nilidhani gari lililosimama ni gari lisilofanya kazi.

8 Januari, Jumatatu

Sikwenda kazini. Nilikaa na Mama jikoni tukichambua sombe, majani ya muhogo. Nilimwomba msamaha. Nilisema yote, hata lile la wivu.

Aliendelea kuchambua. Baadaye akasema, "Unajua alikuwa ananiambia nini mule ndani?"

Nikasema safari za Kamituga.

"Safari, ndiyo. Lakini tukipita Burhale alikuwa ananiomba pardon. Kuko kintu alinifanyia zamani, ukiwa mudogo. Hakuniombaka ule wakati. Ila kila siku, tukifika pale, anapunguza, ananiomba. Na miye kila siku namusamehe." Akatupa mabua. "Mule ndani nilikuwa na bwana, Virginie. Sasa niko na mugonjwa. Mugonjwa nitamuchunga, hakuna tatizo. Lakini si kintu kimoja."

Nilidhani alikuwa akimchezesha kama mtoto. Nilikuwa nikiwatazama kupitia dirisha la jikoni kila alasiri, watu wawili katika ndoa yao, nami nikaona gari bovu na kuku.

Mama akanipangusa uso kwa kona ya kikwembe chake, mikono yake inanuka sombe.

"Ulisema utanipeleka Nyangezi," akasema. "Gari iko natembea. Nipeleke."

14 Januari, Jumapili

Mvua imetupatia siku moja kavu. Tumekwenda Nyangezi.

Niliendesha mimi. Papa alikataa kukaa mbele, alisema mbele ni kwa patron. Mama akakataa kukaa mbele bila yeye. Basi wote wawili walipanda nyuma, kwenye mabenchi, chini ya turubai, na Emile akawafunika magoti kwa blanketi kabla hajafunga geti. Mbele nilikaa peke yangu, na kiti kingine kitupu.

Gari linakwenda vizuri. Halina kosa hata moja. Barabarani watu waligeuka kulitazama, na kijana mmoja wa pikipiki alinionyesha dole gumba, na kila aliyelisifu niliona haya. Niliendesha polepole sana kwenye mashimo. Kupitia kile kidirisha niliwaona kwenye kioo changu: Papa kwenye benchi moja, ameshika kofia yake, Mama benchi la pili, wanatazamana kama abiria wasiofahamiana.

Tulipoanza kushuka na kuona mabonde ya Nyangezi, Mama alihama. Alisimama ameshika bomba la turubai, akavuka, akakaa kando ya Papa. Papa alimtazama, kisha akainama mpaka mdomo wake ukafika kwenye kidirisha, nyuma ya sikio langu.

"Chauffeur," akaniita.

"Ndiyo, Papa."

"Huyu maman, anashukia wapi?"

Nilishika volani nikatazama barabara. Mama ndiye aliyejibu, kwa sauti ya kawaida, ile ya kuagiza chumvi.

"Fasi utashukia, Papa. Pale pale njo nashukia."

Papa alifikiri kidogo. Kisha akasogea kwenye benchi, akamwachia nafasi akae vizuri.